Mabango Pacha Nzuguni: Ubunifu Unapopimwa kwa Idadi

Kisa hiki kimeundwa kwa kuunganisha hali zinazojirudia katika ofisi ndogo za usanifu na uchapaji. Hakimsemi mtu wala kampuni fulani. Kimewekwa Dodoma kwa sababu presha ya kazi za ubunifu katika mji huu ina kalenda yake, na kila mchapaji anaijua.

Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na katika miezi hiyo wizara na taasisi huhitaji vipeperushi, mabango ya maonesho, fulana na mabegi ya karatasi. Juni 30 mwaka wa fedha unafungwa, kwa hiyo ofisi iliyobakiwa na fedha kwenye kifungu cha bajeti hukumbuka wiki ya mwisho kwamba inahitaji rolapu kumi, yale mabango ya kusimama yanayokunjwa ndani ya kasha. Wiki za kwanza za Julai ni kimya: fedha mpya hazijashuka na simu hazilii. Kisha yanakuja maonesho ya Nane Nane viwanja vya Nzuguni, na kuanzia Oktoba ni kalenda na shajara mpaka Krismasi. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, na ofisi zikazidi kujaa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, mawimbi haya yamekua, lakini mpangilio wake ni uleule. Mwenye karakana anayeshtuka kila Juni hana wa kumlaumu.

Karakana ya kisa chetu ina watu sita: mmiliki, wabunifu watatu, dada wa mapokezi na fundi wa mashine. Iko Uhindini, kompyuta tatu mbele, mashine ya mabango nyuma. Baada ya msimu mmoja wa bajeti uliojaa kazi zilizochelewa, mmiliki alitundika ubao mweupe ukutani: kila mbunifu atoe kazi nane kwa siku, na kila kazi inayozidi hapo inalipwa shilingi 2,000 jioni ileile. Tuseme haki, ubao ulifanya kazi. Vitambulisho, kadi za biashara na vitabu vya risiti vilianza kutoka siku vilipoletwa. Malalamiko ya kuchelewa yakapungua, na mmiliki akaona dawa ameipata.

Mwaka uliofuata, Nzuguni, mabanda mawili yanayotazamana yalisimamisha bango moja. Taasisi mbili tofauti, moja ya mbegu, nyingine ya mikopo. Kichala cha zabibu juu kushoto, jua linalozama, mkono ulioshika mche, wimbi la kijani chini. Kilichotofautiana ni nembo na rangi ya maandishi. Mbunifu wa kwanza alitengeneza bango la mbegu. Wa pili alilifungua faili lile, akalihifadhi kwa jina jipya, akabadilisha alichoweza ndani ya dakika arobaini. Mteja wa mikopo hakugomba. Alichofanya ni kupeleka kazi yake ya kalenda kwingine, na hilo ni baya kuliko ugomvi.

Mmiliki alifikia uamuzi ambao wengi wangeufikia: vijana wamechoka, wamekauka, wanahitaji semina Dar es Salaam, au aajiriwe mtu mpya mwenye damu changa. Kulikuwa na ushahidi wa wazi dhidi ya maelezo hayo, na alikuwa akiuona kila siku bila kuusoma. Mbunifu mwandamizi, yule ambaye mabango yake ya mchana yalikuwa yamefubaa, alikuwa akifanya kazi za pembeni usiku nyumbani kwake Nkuhungu: kadi za harusi na majalada ya albamu za kwaya. Hizo zilikuwa na mawazo mapya kila mara, na watu walimtafuta kwa hizo. Mtu aliyekauka hawezi kukauka mchana tu. Ubunifu wake haukufa, ulihama.

Kilichouhamisha

Hesabu ya ubao ndiyo ya kuanza nayo. Siku ya kazi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, ukitoa saa moja ya chakula, ina dakika 480. Gawanya kwa kazi nane: dakika 60 kwa kila moja. Ndani ya hizo kuna kumsikiliza mteja, kuandaa faili la mashine, kuongeza milimita 3 za kukatia kila upande, kugeuza rangi za skrini kuwa rangi za wino, na kusahihisha majina ya watu yaliyokosewa. Kinachobaki kwa ajili ya kuwaza ni kama dakika 15 au 20. Kadi ya biashara inatosha humo. Bango linalotakiwa kumsimamisha mkulima aliyekwisha pita mabanda thelathini halitoshi.

Bonasi ya shilingi 2,000 ilizidisha tatizo, na hapa kuna jaribio la zamani linaloeleza vizuri. Mwaka 1962 mwanasaikolojia Sam Glucksberg aliwapa watu mshumaa, viberiti na boksi lililojaa pini za kubandikia, akawataka waushikize mshumaa ukutani. Jibu ni kulimwaga boksi, kulibandika ukutani na kulifanya kishikizo cha mshumaa. Walioahidiwa pesa wakiwahi walichelewa kwa wastani wa dakika tatu na nusu hivi kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Lakini pini zilipotolewa kwenye boksi tangu mwanzo, jibu likawa linaonekana, walioahidiwa pesa ndio waliokuwa na kasi zaidi. Pesa ya kuwahi humfanya mtu akaze macho kwenye njia anayoiona tayari. Kitambulisho cha mfanyakazi ni boksi tupu: njia inajulikana, bonasi inasaidia. Bango la maonesho ni boksi lililojaa pini. Ubao wa mmiliki ulizipima kazi zote mbili kwa rula moja.

La pili ni kukatizwa. Teresa Amabile na wenzake walifuatilia wafanyakazi 177 katika timu 22 za kampuni saba nchini Marekani, wakakusanya maandishi yao ya kila siku zaidi ya 9,000, na matokeo yakatolewa mwaka 2002. Siku zenye presha kubwa zaidi ya muda, uwezekano wa watu kuwaza kiubunifu ulikuwa chini kwa asilimia 45 kuliko siku zenye presha pungufu ya hiyo, na athari ilivuka hadi siku zilizofuata. Wenye karakana wengi wakiambiwa hivi husema, sawa, tupunguze presha. Hawawezi, Juni haipunguzwi. Sehemu ya utafiti huo inayowahusu ni nyingine: kulikuwa na siku za presha ambazo watu waliwaza vizuri, nazo ni zile walizoachiwa jambo moja, wakaamini umuhimu wake, na hawakurushwa huku na huku. Kwenye karakana yetu mbunifu alikuwa akipokea WhatsApp za wateja yeye mwenyewe, akiitwa mapokezi kuthibitisha bei, na akiamka kila fundi alipouliza kipimo. Kikwazo chake kilikuwa muda uliokatwa vipande visivyotosha kitu.

Faili la mwaka jana ni la tatu. Watafiti Jansson na Smith walionesha mwaka 1991 kwamba wahandisi wakipewa mfano kabla ya kubuni, huuiga pamoja na kasoro zake, hata pale maelekezo yanapozikataza. Hivyo mbunifu anayeanza kazi kwa kufungua folda ya Nane Nane iliyopita si mvivu. Amefanya kitu cha kawaida kabisa, na kuanzia hapo zabibu na jua linalozama ndivyo atakavyoviona.

La nne tulipitie haraka. Mmiliki alikuwa na tabia ya kusimama nyuma ya kiti: "Hapo pandisha nembo. Hiyo rangi hapana." Wazo lenye umri wa dakika tano likihukumiwa hadharani, mwenye nalo hujifunza kuleta mawazo yaliyokwisha kubalika mahali pengine.

Kilichobadilishwa

Kwanza kazi zilitenganishwa mlangoni. Dada wa mapokezi alipewa mihuri miwili. Muhuri wa K ni kawaida: vitambulisho, kadi, risiti, kurudia fulana, mialiko ya vikao. Hizi zinaendeshwa kwa violezo, na ubao ukabaki kwa ajili yake. Muhuri wa B ni kazi inayohitaji wazo: bango la maonesho, kampeni, jalada, kalenda. Katika karakana ya aina hii kazi za B ni chache, na ni vema zibaki chache. Kutafuta ubunifu kwenye mwaliko wa kikao cha bodi ni kupoteza wino na kumchanganya mwalikwa.

Kazi ya B haipokelewi bila karatasi ya maswali matano. Nani atasoma? Atakuwa umbali wa mita ngapi? Akimaliza kusoma afanye nini? Nini hakiruhusiwi kuguswa, yaani nembo, rangi, jina? Na nani, mtu mmoja, ndiye mwenye idhini ya mwisho? Swali la umbali hudharauliwa, kumbe ndilo linaloamua mambo mengi. Herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka vizuri kwa mita 3 hivi. Kwa mita 10 unahitaji karibu sentimita 8. Rolapu ya kawaida ina upana wa sentimita 85 na urefu wa 200, sehemu ya chini kabisa humezwa na kasha, na theluthi ya chini yote hufichwa na meza na miguu ya watu. Mbunifu akilijua hilo tangu mwanzo, anajua ana mistari mitatu ya kuandika, si kumi na miwili, na mteja akileta kumi na miwili anaoneshwa hesabu.

Karatasi hiyo husomwa saa 10 jioni, dakika 15, kisha inafungwa. Kazi yenyewe huanza kesho yake asubuhi. Hiki ndicho kipengele rahisi kuliko vyote. Tafiti juu ya kuliacha tatizo likae kichwani ni nyingi. Sio na Ormerod walipozijumlisha 117 mwaka 2009, walikuta kuliweka kando kwa muda husaidia, hasa kwa matatizo yanayotaka majibu mengi tofauti. Sharti ni kwamba mtu awe ameshalielewa tatizo kabla ya kuondoka. Kulala na karatasi ambayo hujaisoma ni kulala tu.

Asubuhi, saa 2:00 hadi 3:30, mbunifu mmoja ana dakika 90 zake. Zamu ni Jumatatu hadi Jumamosi, asubuhi sita kwa wabunifu watatu, kila mmoja mbili kwa wiki. Wengine wawili wanaendelea na kazi za K, kwa hiyo duka halifungwi. Simu ya mwenye zamu inakaa mapokezi, WhatsApp ya kompyuta imefungwa, na kwa saa ya kwanza hata kompyuta yenyewe haiwashwi. Penseli ina sifa nyingine ambayo hakuna anayehitaji kuelezwa: umeme ukikatika inaendelea kuchora.

Dakika 90 ziligawanywa hivi. Dakika 10 kurudia karatasi ya maswali. Dakika 30 michoro sita midogo, dakika tano kila mmoja, kwenye visanduku vya sentimita 4 kwa 9.5, ambavyo vina karibu uwiano uleule wa rolapu. Dakika 10 kusimama, kutoka nje, kunywa chai. Dakika 25 kuchagua miwili na kuichora upya kwa ukubwa wa nusu karatasi. Dakika 15 za mwisho kuandika chini ya kila mmoja sentensi moja: mtu akiwa mita tano ataona nini kwanza.

Kwa nini sita? Kwa sababu miwili ya kwanza, mara nyingi mitatu, itakuwa ya mwaka jana. Haifai kuikataza, maana ukiikataza itajificha ndani ya mengine. Itoke, ikae kwenye karatasi, mkono uendelee. Mchoro mmoja kati ya sita lazima uanzie kwenye kitu ambacho hakijawahi kuwa bango. Kanda ya kati haina uhaba: michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina watu wembamba warefu waliojazwa rangi moja, bila sura, na bado mkao wao unaonekana kwa mbali. Mtu anayebuni bango jembamba la mita mbili hapaswi kuhitaji somo zaidi ya hilo. Kuna mistari ya vyuma vya ilimba, ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba, kuna ngoma za muheme za wanawake wa Kigogo zilivyopangwa, kuna nguzo na waya za shamba la zabibu Hombolo zikitazamwa kwa juu. Zabibu hazikukatazwa. Kilichokatazwa ni kichala kile kile cha pembeni.

Kikao cha kuamua kikawekwa saa 9 alasiri, na hakuna anayetazama karatasi kabla ya hapo. Michoro inabandikwa ukutani bila maelezo. Fundi wa mashine anasema kwanza, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kivuli kipi kitatoka kama doa kwenye turubai. Wabunifu wengine wanafuata, mmiliki anamaliza. Hawabuni pamoja mezani, na hilo lilimshangaza mmiliki aliyekuwa amezoea kuita watu wote na kusema "haya, leteni mawazo". Tangu utafiti wa Taylor na wenzake mwaka 1958 imejulikana kwamba watu wakibuni kila mmoja peke yake kisha wakaunganisha, hupata mawazo mengi kuliko idadi ileile ya watu wakiwa kundi. Kwenye kundi mmoja anasema, wengine wanasubiri, na wakisubiri wanasahau, au wanaona haya.

Mteja huoneshwa michoro miwili. Akioneshwa mmoja anauvamia, akioneshwa sita anaomba kichwa cha huu na miguu ya ule.

Malipo nayo yakaguswa. Bonasi ya K ikabaki, lakini sasa inahesabu kazi iliyotoka kwa wakati bila kurudiwa kuchapwa. Kazi za B zikaondolewa kwenye ubao kabisa, na jina la mbunifu likaanza kuandikwa kwenye karatasi ya kazi inayokwenda kwa mteja. Mwandamizi alilichukulia hilo kwa uzito kuliko shilingi.

Palipokwama

Wiki ya kwanza dakika 90 zilivunjwa mara kadhaa, na mvunjaji mkuu alikuwa mmiliki. Tatizo la pili lilikuwa mapokezi. Dereva anafika saa 2:20 na flashi: "Dada, mkubwa anasubiri, naomba niongee na yule kaka aliyenitengenezea juzi." Dada wa mapokezi hana ubavu wa kumwambia hapana, na hakupaswa kuachiwa autafute mwenyewe. Aliandikiwa maneno: "Karibu kaka, flashi naipokea sasa hivi na nakuandikia karatasi. Kaka yuko kwenye kazi, ataigusa saa 3:30 kamili. Saa 6 uje uione kwenye skrini. Kama mkubwa anaondoka kabla ya hapo, mwenzake ataianza sasa hivi." Sentensi ya mwisho ndiyo inayookoa, kwa sababu dharura ya kweli inahudumiwa bila kumgusa mwenye zamu. Wengi hukubali saa 6.

Kisha michoro sita ikageuka ubao mpya. Mmiliki alianza kuhesabu visanduku, na vikaanza kujazwa na miduara isiyo na maana ili tu vitimie. Hiki ni kishawishi cha kila anayesimamia kazi za ubunifu: akipewa hatua, anaigeuza kipimo. Ilibidi karatasi za michoro zikae kwa mbunifu mwenyewe, na kinacholetwa saa 9 ni miwili tu.

Kijana mdogo wa timu, aliyetoka chuo mwaka huo, aliganda mbele ya visanduku vitupu. Uhuru ulimtisha kuliko ubao. Alipewa mipaka: rangi mbili, umbo moja, hakuna picha. Akaenda. Mwandamizi alikuwa na ugumu wa upande wa pili: mchoro wake wa kwanza ulikuwa lazima uwe mzuri, kwa kuwa watu wanamjua. Yeye alitakiwa kisanduku cha kwanza akichore kibaya kwa makusudi, kibaya kabisa, cha kuchekesha. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini baada ya hapo mkono wake haukuwa na heshima ya kulinda.

Kuna jambo ambalo karakana haikuliweza hadi mwisho. Ofisi kubwa zina wakubwa watano, na kila mmoja huongeza neno au nembo. Swali la tano la karatasi hupunguza hilo, haliliondoi. Kuweka kikomo cha duru mbili za marekebisho kunafaa, ila lazima kiandikwe kwenye profoma, yaani ankara ya awali ya bei, tangu mwanzo, pamoja na bei ya duru ya tatu. LPO, yaani hati ya agizo la ununuzi, ikishatoka na kiasi chake, hakuna mhasibu atakayelipa duru ambayo haimo. Waliosubiri kudai baadaye waliishia kufanya duru ya tatu, ya nne na ya tano bure, Juni 28, usiku.

Julai ndiyo iliyopata kazi mpya. Wiki zile za ukimya, ambazo zamani wabunifu walizitumia kusubiri mshahara, sasa kila mmoja anachora michoro ya Nane Nane kabla mteja hajafika, akiacha nafasi ya kaulimbiu ya mwaka. Haiuzwi ilivyo. Inakaa kwenye droo, na mteja wa mbegu akifika Julai mwishoni, mbunifu ana pa kuanzia ambapo si folda ya mwaka jana.

Juni ikibana kweli, mmiliki ataanza kukata vitu. Akate kikao cha saa 9 kiwe cha dakika tano. Apunguze zamu ziwe moja kwa wiki kwa kila mbunifu. Apunguze michoro iwe mitatu, ingawa ajue anakata pale yanapoanza mapya. Asiguse usomaji wa karatasi wa saa 10 jioni: unachukua robo saa, na unafanya kazi wakati karakana imefungwa.